Mikono kwenye Ukuta wa Wankuru

Msibani watu huomba kuuona uso wa marehemu. Mimi niliomba kuuona mkono wa kulia. Kina mama waliokuwa wanamwandaa Robi katika chumba cha nyuma, pale nyumbani kwake Nyamisangura, walitazamana kwanza, nadhani wakaona huyu bibi kizee wa Serengeti safari imemchosha mpaka akili. "Bibi, mkono wa nini tena?" akaniuliza mmoja, binti mdogo tu, kanga kiunoni. Nikamwambia mkono ni mkono, anifunulie shuka, maelezo nitampa baadaye. Binti mkubwa wa marehemu ndiye aliyesogea akanifunulia, nikaushika. Ulikuwa mkono wa mwanamke aliyelima maisha yake yote, vifundo vimevimba, kidole gumba kimepinda kwa nje, ngozi ya kiganja ngumu. Niliutafuta ndani yake ule mkono mdogo niliokuwa nauosha matope kwa maji ya kibuyu, sikuuona, nikalia zaidi kuliko nilivyokuwa nimepanga kulia.

Mimi na Robi hatukuwa na undugu. Yeye ni Mkurya, mimi ni wa Ikoma, na nyumbani kwangu siku hizi ni Mugumu. Alikuwa mwanafunzi wangu kwa mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika miaka ya hamsini, uhuru ukiwa bado ni neno la kuangalia nani yuko karibu kabla hujalitamka. Ya kwetu na ya wazazi wangu nayaruka. Kila mtu ana kwao. Ninachotaka kusimulia ni mwaka huo peke yake, na nyumba moja ya udongo kwenye kilima juu ya Kewanja, na mwenye nyumba hiyo, mwanamke aliyeitwa Wankuru. Nimewahi kuwasimulia wajukuu zangu vipande vipande, wakacheka mahali pa kucheka, halafu wakarudi kwenye simu zao.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nimevaa viatu ambavyo nilivivua kila nilipofika mahali penye matope ili visichakae. Misheni ilinipeleka kwenye shule ya kichaka, yaani shule ya watoto wadogo ambao hawajafikia darasa la kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha herufi. Baada ya mavuno mwalimu mkuu wa shule kubwa ya bondeni, Mwalimu Daudi, angepanda kilima kuwapima; wanaozijua wangeingia darasa la kwanza, na kama wengi wasingezijua, shule ya kichaka ingefungwa na mimi ningerudi kwetu na viatu vyangu. Malazi nikapewa kwa Wankuru. Niliambiwa nimepelekwa kwake kwa sababu ana nafasi. Kwa nini ana nafasi hakuna aliyenieleza, na mimi kwa utoto wangu sikuuliza.

Nafasi yenyewe ilikuwa hivi. Ilikuwa nyumba ya mviringo ya vyumba viwili, kimoja cha ndani chenye mafiga na kitanda chake cha ngozi, na kimoja cha nje, kikubwa, ambacho katika nyumba nyingine zote za kilima kile kililala ndama, mbuzi na watoto, wote wakipumua pamoja. Kwa Wankuru chumba hicho kilikuwa kimefagiliwa. Hakikuwa na mbuzi wala mtoto. Kulikuwa na jiwe la kusagia, mtungi wa maji, na kuku wake watatu aliowagombeza kutwa nzima kwa majina ya watu, akiwauliza mbona wanamwangalia hivyo, kwani yeye ana deni lao? Alikuwa mrefu, mkavu, mvutaji wa ugoro, mbahili wa chumvi. Akisonga ugali wa ulezi alikuwa anahesabia punje za chumvi kwenye mboga ya mgagani kana kwamba zinatoka mwilini mwake. Lakini maziwa ya mgando, yakipatikana, alinijazia mimi kibuyu kidogo, yeye akalamba mwiko, akasema hapendi maziwa. Nilimwamini kwa miezi kadhaa.

Jambo moja tu lilinishangaza mapema. Kule mwanamke mzima aliitwa kwa mtoto wake. Jirani yetu aliyekaa upande wa pili wa shamba la mihogo alikuwa Mama Chacha, kwa kifungua mimba wake, ingawa nyuma ya Chacha walikuwa wamefuata wengine wengi, Robi akiwa mmoja wao. Kisimani walikuwepo Mama Mwita, Mama Bhoke, Mama Marwa. Huyu wa kwangu alikuwa Wankuru tu, na mvi kichwa kizima. Hata watoto, wakishamwamkia shikamoo, walimalizia na jina hilo tupu kama wanamwita mwenzao. Siku moja, akiwa anapepeta ulezi, nikamuuliza. Hakukasirika. Akasema, "Mimi sikuzaa. Mume alikufa, ng'ombe zikafa kwa ugonjwa. Ningekuwa na ng'ombe ningeoa msichana aje anizalie watoto, wawe wa nyumba yangu. Si unajua sisi huku tunafanya hivyo?" Nilikuwa nimesikia kuhusu nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isifutike. "Sasa sina ng'ombe," akasema, "nina kuku. Kuku haioi mtu." Akacheka, akapuliza makapi, na mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka.

Tulikuwa tunasomea kwenye kibanda cha nyasi. Mvua za masika zilipoanza, upepo wa alasiri moja ulikibeba kile kibanda, paa na nguzo zake, ukakitupa kwenye shamba la Mama Chacha, naye Mama Chacha akatoka kunitukana kana kwamba mimi ndiye niliyevuma. Alikuwa na mdomo yule mama. Jioni hiyo nikakaa kwenye jiwe la kusagia nimejiinamia. Ubao wangu wa kuandikia ulikuwa umepasuka katikati, karatasi zilizobaki zimelowa zikawa uji. Wankuru akaniangalia, akachota ugoro, akapiga chafya, halafu akasema, "Chumba hiki kina kazi gani? Walete hapa." Nikamshukuru. Akaongeza kwamba kwanza lazima akandike ukuta, kwa sababu watoto wa watu hawawezi kuingizwa mahali palipopasuka. Niliona ni maneno ya mwanamke msafi.

Tulikandika wote, na watoto wakasaidia, yaani walitupa matope kila mahali. Udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe tuliyoomba kwa majirani, majivu ya jikoni, maji. Wankuru alikanyaga kwa miguu mpaka mchanganyiko ukawa laini kama ugali, kisha akaupaka kwa kiganja, nusu duara kwa nusu duara. Ndipo Robi, ambaye hakuwahi kutulia, akapigiza mkono wake kwenye ukuta mbichi karibu na mlango, vidole vikiangalia chini. Nilikuwa nimekwishafungua kinywa kumkemea. Akainamisha kichwa, akautazama ule mkono, akapiga kelele kwa Kikurya, "Eng'ombe!" Na kweli alikuwa ng'ombe. Vidole vinne ni miguu, kiganja ni tumbo, kidole gumba kimenyooka mbele ni shingo na kichwa. Nikaokota kijiti nikamchorea pembe na jicho na mkia, na pembeni, kwa sababu neno lake lilikuwa Kikurya na mimi nilikuwa nahangaika na herufi za irabu, ambazo kwa Kiswahili sikuzipatia wanyama, nikachora E kubwa. Watoto wote wakanyoosha mikono yenye matope wakitaka kila mmoja mnyama wake.

Basi hiyo ndiyo ikawa shule yetu. Kila siku tulilowesha kipande cha ukuta, mtoto mmoja au wawili wakagandamiza mikono, nasi tukajaza lile shimo kwa udongo mweupe wa mtoni au kwa masizi, kulingana na mnyama. J ilikuwa jogoo, gumba likiwa shingo na vidole vikiwa mkia. S ilikuwa simba, vidole vimetawanywa kuwa manyoya ya shingo. M ilikuwa mbuni, na K kobe aliyefumba vidole. V ilitutesa mpaka mtoto mmoja akaleta vunjajungu mzima juu ya jani, tukamchora na miguu yake ya ajabu. T nilimpa mtoto mpole kuliko wote na nikamwambia agandamize taratibu, kwa sababu kwetu Ikoma tembo si mnyama wa kuchezewa. A ilikosa mnyama kabisa, tukaacha mkono mtupu, watoto wakasema huyo ni mnyama ambaye bado hajazaliwa. Wankuru ndiye aliyekuwa anashika mikono. Aliviringisha kitambaa cha kanga, akakaa chini, akamvuta mtoto kati ya magoti yake, akauweka mkono wa mtoto kwenye udongo, na wake juu yake, akagandamiza. Kila mara aliuliza kwanza, "Huyu wa nani?" ingawa aliwajua wote tangu kuzaliwa. Alikawia. Mtoto akishachoka na kujinyonganyonga, yeye bado amegandamiza, nami nilidhani ni uzee, viungo vimekaza.

Nikifumba macho sasa bado nakiona chumba kile saa za asubuhi, mlango umefunguliwa, jua limeingia mpaka nusu ya ukuta na wanyama wa upande huo wamewaka weupe. Uji wa ulezi ulichemka chumba cha ndani, ukatiwa ndimu kidogo. Watoto walikunywa kwa kupokezana kibuyu, halafu wakaenda kila mmoja kwenye mkono wake, akaubandika pale pale kuona kama bado unamtosha, akataja herufi. Baadaye wakaanza kubandika kwenye mikono ya wenzao na kutaja herufi za wenzao, na hivyo ndivyo walivyojifunza zote bila mimi kujua. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu anayedhani amegundua kitu. Wankuru naye alibadilika. Chumvi iliongezeka. Kuku wakaacha kugombezwa. Nikiwa bado kitandani nilimsikia akipita chumba cha nje kuchukua maji, anasimama, anasema maneno machache ya Kikurya, anaendelea. Nilidhani anasali.

Kisimani ndipo niliposikia mazungumzo yasiyokuwa yangu. Nilikuwa nyuma ya kichaka nafunga viatu, Mama Bhoke na mwingine wakiwa wanajaza mitungi. "Umesikia Wankuru amejifungua?" akasema mmoja. "Amejifungua nini?" "Wote. Mwaka mmoja, wote kwa mkupuo. Wako yuko ndani, na wangu yuko ndani, mtoto mwenyewe ameniambia jana wakati anakula." Walicheka, lakini kicheko kiliisha haraka, na yule mwingine akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa wewe utakaa tu?" Nilirudi na mtungi nusu. Nikajiambia ni utani wa wanawake wa pale, maana walitaniana kila siku hata kuhusu vifo.

Asubuhi iliyofuata watoto hawakuja. Alikuja Mama Chacha. Hakupiga hodi, aliingia na kipande cha jembe bovu mkononi, akasimama katikati ya chumba, akatazama ukuta mzunguko mzima, midomo yake ikicheza. Nilimwamkia. Akanijibu kwa kuniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyekuambia uweke mkono wa mtoto wangu hapa?" Nikasema hakuna aliyeniambia, ni herufi, E, ng'ombe, Robi mwenyewe ndiye aliyeanza. "Robi ni mtoto, anajua nini? Na wewe ni mgeni, unajua nini? Nauliza huyu." Akamwelekezea Wankuru kile chuma. "Huyu anajua."

Ndipo nilipoelezwa, kwa ukali na kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, kitu ambacho kila mtu wa kilima kile alikijua isipokuwa mimi na watoto. Kwa wanawake wa pale, mama akishajifungua na kutoka ndani, ukuta wa karibu na mlango wake ulikandikwa upya, na mkono wa mtoto ukagandamizwa kwenye udongo mbichi. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya nyumba kusema mtoto huyu ni wangu. Ukiingia kwa mtu ulijua amezaa nani na nani kwa kutazama pale. Sijaiona desturi hiyo kwingine, hata kwa Wakurya wa upande wa Sirari, na mikono ya nyumba nyingine nilikuwa nimeiona bila kuielewa, nikidhani ni ya watoto watundu. Mtoto hakuwekwa mkono kwenye nyumba mbili. Na sasa watoto wa kilima kizima walikuwa kwenye ukuta mmoja, ukuta wa mwanamke ambaye hakuwahi kuzaa.

Nilimgeukia Wankuru. Nilitaka akatae, aseme hakufikiria, ni mambo ya shule tu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, mikono mapajani. "Nilijua," akasema. "Mwalimu hakujua. Mimi nilijua." Nakumbuka aibu iliyonishika, si kwa niaba yangu, bali kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu ametajwa kwa jina la njaa yake mbele za watu. Niliyakumbuka yale maneno aliyokuwa anasema kila alfajiri akipita na mtungi. Alikuwa anawaamkia.

Wengine wakafika, Mama Mwita, Mama Bhoke, Mama Marwa, na wengine, kila mmoja na chake, panga, kigae, kijiko cha kibuyu. Hawakuwa watu wabaya, nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyemtukana. Mama Bhoke alikuwa analia wakati anaingia. "Wankuru, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema, "lakini wangu wawili nimezika, huyu ndiye aliyebaki. Siwezi kumwacha kwa mtu." Nilijaribu kusema kuhusu Mwalimu Daudi, kuhusu darasa la kwanza, nikasikia maneno yangu yanatoka kama ya kasuku, nikayaacha. Wankuru akainuka. Nilidhani anakwenda kusimama mbele ya ukuta, nami nilikuwa tayari kusimama naye. Badala yake akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji. Akamwendea Mama Bhoke, akamwagia maji pale kwenye mkono wa mtoto wake, polepole, kwa kiganja. "Lowesha kwanza," akasema, "ukikwangua kavu, ukuta wote utakuja."

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Alizunguka na kibuyu, akamloweshea kila mama mahali pake, na mama akakwangua. Chumba kilinuka udongo mbichi kama siku ya kukandika. Jogoo aliondoka, simba aliondoka, kobe, mbuni, tembo wa yule mtoto mpole. Hawakugusa herufi; nadhani hawakuona zina ubaya gani, maana herufi si mtoto wa mtu. Vilisikika vyuma tu kwenye ukuta. Mimi nilisimama pembeni na mikono yangu mitupu, nikimtazama Wankuru usoni, na uso wake ulikuwa mtulivu kiasi kwamba niliogopa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwahi kuona mtu akinyang'anywa kitu huku anawasaidia wanaomnyang'anya.

Mama Chacha, aliyetangulia kufika, alikuwa wa mwisho kuanza. Alikuwa amesimama muda wote mbele ya ng'ombe wa Robi pale karibu na mlango, chini, mahali ambapo katika nyumba nyingine huwekwa kifungua mimba. Wankuru alipofika kwake kibuyu kilikuwa kimebaki maji kidogo. Akayamwaga yote. Mama Chacha akachuchumaa, akainua lile jembe bovu, akaliweka kwenye kidole cha kwanza cha ule mkono. Na hapo Wankuru, ambaye alikuwa hajamwomba mtu yeyote chochote, akasema kwa sauti ndogo, "Taratibu, usimkate kidole."

Mama Chacha akashusha mkono. Alibaki amechuchumaa hivyo, mgongo wake mpana umetuelekea, hatukuona uso. Halafu akatupa kile chuma nje ya mlango, kuku wakaruka. "Mimi ninao wengi," akasema, bado kwa hasira, kana kwamba kuna mtu amebishana naye. "Huyu ana mdomo kama wangu. Hatulii, hasikii, anavunja mitungi. Utamchoka wewe mwenyewe." Akasimama, akatazama viganja vyake vilivyochafuka matope, akasema, "Mama Robi, niletee maji ninawe."

Wankuru aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Nililiona hilo kwa macho yangu na sitalisahau mpaka nizikwe. Aligeuka nyuma, akaona ukuta uliokwanguliwa na akina mama waliosimama, akarudisha uso, na Mama Chacha bado alikuwa amenyoosha mikono yake michafu mbele, anasubiri. "Nimesema maji," akarudia. "Au mpaka niite mara ya tatu?" Wankuru akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kuchota maji. Mama Bhoke alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Wankuru alipotoka, alimnawisha Mama Chacha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akamfuta kwa nguo yake mwenyewe, na hakuna aliyeondoka bila kunywa uji.

Watoto walirudi kesho yake. Ukuta ulikuwa na makovu, na pembeni ya kila kovu herufi, na watoto walibandika mikono kwenye makovu wakataja kama zamani. Mwalimu Daudi alipopanda baada ya mavuno, aliuliza kwa nini ukuta una mashimo, nikamwambia ni ukuta mzee. Wengi walipita. Robi alipita kwa kelele, akataja herufi zote na nyingine ambazo hazipo. Mimi nikahamishiwa shule ya upande wa Serengeti mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na asubuhi ya kuondoka Wankuru alinipa kuku mmoja, yule aliyekuwa anamgombeza zaidi, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Nikamwita Mama Robi, nikaagana naye.

Yaliyofuata nilikuwa napewa na Robi mwenyewe, kila tulipokutana gulioni au msibani katika miaka yote hiyo. Aliendelea kuishi kwa mama yake, nyumba ilikuwa pale pale ng'ambo ya mihogo, lakini uji wa asubuhi alikunywa kwa Wankuru, na kila mwaka nyumba ile ilipokandikwa aliitwa kuweka mkono wake tena mahali pale pale, vidole chini, na Wankuru akachora pembe. Ng'ombe akawa anakua mwaka hata mwaka. Robi alipoolewa na mahari ikaletwa, Mama Chacha aligombana na mumewe siku nzima, kijiji kizima kikasikia, na jioni mtamba mmoja mwekundu akatolewa zizini, akavushwa shamba la mihogo, akaingizwa kwenye kile chumba cha nje kilichokuwa kimefagiliwa. Wankuru alilala naye humo mpaka alipojengewa zizi. Robi alinisimulia hilo huku anacheka mpaka anashika mbavu, kisha akasema, "Mwalimu, alimwita ng'ombe yule kwa jina langu."

Tulimzika Robi mchana. Watu walikuwa wengi, wengi wao vijana wa mjini wasiojua kilima wala kisima. Ulipofika wakati wa kusema habari za marehemu, alisimama kijana wake mkubwa, mtu mzima sasa mwenye mvi zake, hakushika karatasi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele, nimeshika fimbo yangu, nimetega sikio, kwa sababu nilikuwa nimekuja na swali moja na nilijua jibu lake litatoka hapo au halitatoka tena popote. Mama Chacha amekufa. Wankuru amekufa. Ile nyumba imeanguka siku nyingi. Kijana akakohoa, akasema, "Mama yetu alikuwa mtoto wa saba wa Mama Chacha, na mtoto wa kwanza wa Wankuru." Akaendelea na mambo ya kanisa na ya kilimo.

Yule binti mwenye kanga kiunoni, aliyeniuliza habari za mkono, alikuwa amechuchumaa pembeni ya kiti changu. Akaninong'oneza, "Bibi, huyo Wankuru alizaa wangapi?"

"Mmoja," nikamwambia. "Ndiye huyu tunayemzika."